Mkulima Aliyelala Mbele ya Kamera

Barua ya kustaafu ilinikuta stendi ya mabasi. Karani wa chuo alikuwa amenitafuta darasani, nyumbani na kwa kinyozi, mwishowe akanikuta nimekaa kwenye benchi nikitazama basi la Ifakara likipakia magunia. Sikuwa na safari. Nilikuwa natazama tu, kama wengine wanavyotazama mpira. Akanipa bahasha, akaketi, naye akatazama.

Nimeondoka kazini nikiwa na meno yangu yote. Taratibu zinamruhusu mtu aliyechoka kiti aombe kwenda mapema, na mimi kiti kimenichosha tangu siku nilipopewa. Sasa vijana wangu, nyinyi mliobaki na kamera na madaftari, mmeniomba niandike nilivyoianza kazi hii. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na havina hadithi. Mshahara nao ulikuwa unakuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo sina cha kuusimulia.

Kazi niliipata matopeni, pale Mkula. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimemaliza sekondari, na nyumbani kwetu Kibaoni walitazamia niwe karani au mwalimu. Mimi nikawa mtembeaji. Leo Kidatu, kesho Mahenge, nikirudi mama ananiuliza kama nimekuja kula au kuishi. Siku hiyo natoka Kidatu, nikakuta gari la kijani limezama hadi ekseli, lina vipaza sauti viwili juu ya paa kama masikio ya punda. Dereva wake, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amesimama pembeni anakunywa chai kana kwamba gari ni la jirani.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kusukuma au kutazama?"

"Kutazama kwanza."

"Basi tazama upande wa nyuma. Ndiko kunakosukumwa."

Huyo ndiye Mzee Salehe, mwalimu wangu wa kwanza katika kazi hii na, nikisema kweli, wa mwisho. Walikusanyika watu wa kijijini, kila mmoja akasukuma kwa wakati wake, gari likazidi kuzama. Nikapanda juu ya kisiki nikaanza kuwahesabia kwa sauti ili wasukume pamoja. Gari likatoka. Salehe akafunga chupa yake ya chai.

"Sauti hiyo umeipata wapi?"

"Kwa mama. Akiita kuku wake, hata wa majirani wanakuja."

"Umesoma?"

"Hadi sekondari."

"Hilo ni baya," akasema, "lakini linatibika. Ingia."

Gari lile lilikuwa la sinema. Serikali ya wakati ule ilikuwa inatengeneza sinema fupi za kufundisha watu kilimo, usafi na kulea watoto, halafu zinazungushwa vijijini. Sinema hazikuwa na sauti. Zilikuja na karatasi ya maneno kutoka Dar es Salaam, na mtu mmoja alipaswa kusimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti akiwaeleza watu wanachokiona. Aliyekuwapo kabla yangu alikuwa ameoa Kilosa akakataa kuondoka huko. Jioni ile ile, uwanjani Ifakara, nikasomeshwa karatasi ya minyoo ya tumbo. Ilikuwa Kiswahili cha ofisini, kilichopigwa pasi. Nilipofika mstari wa tatu bibi mmoja aliyekaa mbele akaniuliza, "Mjukuu wangu, unatusemea sisi au unamsomea bwana wako?" Watu wakacheka hadi Salehe akapunguza mwendo wa mashine. Tangu siku hiyo karatasi niliisoma mchana, jioni naiacha garini.

Salehe aliniita Msomi, na hakuwa ananisifu. Alinifundisha kwanza mashine, kisha watu. Jenereta haiwekwi upande unaotoka upepo, maana itakusemea wewe. Watoto waruhusiwe kucheza na vivuli vya mikono yao kwenye kitambaa kabla sinema haijaanza, la sivyo watavicheza katikati yake. Na filamu bondeni haiuawi na moto, inauawa na unyevu. Masika ikiingia, hewa ya Ifakara unaweza kuikamua. Salehe alikuwa anakaanga mchele mkavu bila mafuta, anaumimina kwenye vifuko vya kitambaa, na kila kopo la filamu analitilia kifuko kimoja. Mchele unanyonya unyevu, filamu inabaki salama. Kila wiki anaukaanga upya. Mara moja tulikwama njiani bila chakula tukaupika. Ulikuwa na ladha ya picha, lakini tulikula.

Mwaka uliofuata alikuja Mzungu wa kutengeneza sinema hapa hapa bondeni. Jina lake lilikuwa refu, nasi tulimwita Bwana Twende kwa sababu neno hilo alilijua vizuri na alilitumia hata tukiwa tumefika. Alinipa kamera niibebe, baadaye akanifundisha kuishika. Haikuwa na betri. Uliitia ufunguo kama saa ya mezani, ikakimbia pumzi chache, ikakata. Kwa hiyo ulijifunza kungoja. Ukianza mapema, jambo lenyewe linatokea wakati ufunguo umeisha. Nyinyi mna mitambo inayokimbia kutwa, na bado mnaanza mapema.

Sinema aliyoitaka ilikuwa ya wakulima wawili, hodari na mvivu. Hodari analinda mpunga wake, anavuna na kucheka. Mvivu analala, ndege wanakula, analia. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, wameanza kushuka kwa makundi, kila familia imehamia shambani. Kila shamba lina dungu, kile kichanja kirefu cha miti anachokaa mlinzi. Kutoka dunguni zinakwenda kamba hadi pembe zote za shamba, zimefungwa makopo matupu. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka.

Hodari alipatikana upesi. Kila mtu alikuwa tayari kuwa hodari. Mvivu ndiye aliyekuwa taabu. Bwana Twende aliuliza nani kijijini ni mvivu kweli, akaonyeshwa mtu ambaye hata mke wake alimtaja bila kusita. Tukamweka kwenye dungu, tukamwambia alale. Kamera ilipoanza kunguruma yule bwana akaruka chini, akashika jembe, akalima kama anafukuzwa. Hajawahi kulima hivyo maishani. Tukamsihi, tukamrudisha juu, kamera ikalia, akashuka tena. "Serikali inaniona," akasema. Palilimwa pale palipokuwa hapajalimwa miaka miwili.

Aliyetuokoa ni mwenye shamba la jirani, Mzee Kasiani. Alikuwa Mndamba mrefu, mcheshi, na shamba lake ndilo tulilokuwa tumepigia picha za yule hodari, kwa sababu hapakuwa na zuri kulishinda. Katikati yake ulisimama mvumo, ule mti mrefu unaofanana na mnazi, uliokatwa kichwa na radi, ukatupendezea pichani. Kasiani alikuwa amekaa siku nzima akicheka. Mwishowe akasema, "Nipeni mimi huo uvivu. Nimewatazama wavivu maisha yangu yote, najua wanavyofanya."

Akapanda dungu la shamba bovu, akajilaza, kofia usoni. Akajikuna tumbo. Akageuka ukutani, ingawa dungu halina ukuta, na ukaamini upo. Bwana Twende akawa anasema "Vizuri, vizuri." Kisha akaniashiria nisimamishe kamera. Kasiani alikuwa amejifunga kamba ya makopo kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mwambie afungue," Bwana Twende akaniambia. "Mvivu hana kamba."

Nikamwambia. Kasiani akaondoa kofia usoni.

"Mwanangu, bonde hili hata mjinga analala na kamba mguuni. Usiku tunakesha na nguruwe na viboko. Mchana macho yakifumba, mguu unabaki zamu."

"Mzungu hataki, baba."

"Haya. Sinema ni yake, mguu ni wangu." Akafungua. Tukapiga picha, zikasafirishwa ng'ambo kusafishwa, nasi tukaendelea na minyoo.

Sinema ilirudi kiangazi, imekatwa na kuunganishwa, safi sana. Hodari akiwa katika shamba la Kasiani, Kasiani akiwa katika shamba la mtu mwingine. Tukavuka mto kwa pantoni tukaipeleka Mahenge. Walicheka mlimani kote. Nilipaza sauti juu ya yule mvivu hadi koo likakauka, na sikumtaja jina, ilikuwa kanuni yetu. Sikujua kwamba kati ya watazamaji alikuwapo mtu asiyehitaji jina.

Tuliporudi Ifakara tulimkuta mke wa Kasiani, Mama Kolumba, amekaa kwenye kivuli cha mahali tulipozoea kuegesha gari. Hakuitikia salamu ya Salehe.

"Wewe wa kipaza sauti," akaniambia. "Mume wangu mlimchukua mzima."

"Ndiyo, mama."

"Mkamfanya mvivu."

"Ilikuwa sinema, mama. Ni mchezo."

"Wakwe zangu hawajui mchezo. Mchumba wa Kolumba ni wa Mahenge. Baba yake mdogo, Ditriki, ndiye aliyemlea, ndiye msemaji. Alikuja hapa mara moja, akakaa na mume wangu sebuleni, wakanywa, wakaelewana. Sasa amemwona kwenye shuka lenu amelala, ndege wanakula. Jana mshenga amekuja. Amesema Ditriki haoi kwa mtu ambaye serikali imemkamata amelala."

Salehe akavua kofia. "Hatukumkamata, dada. Alijitolea."

"Basi kamwambie yeye. Binti yangu hali chakula, na yule kijana hawezi kumpinga baba yake. Mlimchukua mzima, mrudisheni mzima." Akainuka, akakung'uta kanga yake, akaenda zake. Kisha akarudi hatua chache. "Na marahaba," akamwambia Salehe, ingawa Salehe ndiye mkubwa.

Katika kazi hii mtaambiwa mengi juu ya kusahihisha kosa. Gazeti linachapa mistari miwili ukurasa wa nyuma, imekwisha. Sinema hairudi nyuma. Kutengeneza nyingine ni kungoja msimu mwingine na idhini ya watu wasiomjua Kolumba. Salehe alifikiri huku anakaanga mchele wake. "Msomi," akasema, "kosa limefanyika kwa kitambaa na kipaza sauti. Twende na hivyo hivyo, na mwenye sura yake."

Tukampakia Kasiani, tukavuka mto, tukapanda mlima. Ditriki alikuja uwanjani kwa heshima ya mshenga tu, akakaa nyuma na mkongojo wake, mtu mwembamba mwenye koti la Jumapili. Sinema ilipofika kwenye dungu, nikampa Kasiani kipaza sauti. Nimesikia wasemaji wengi baada ya hapo, wengine wa kulipwa. Sijamsikia aliyemfikia.

"Mtazameni huyu," akasema. "Tazameni tumbo hilo. Mimi ningekuwa na binti wa kuozwa nisingemruhusu hata apite kwenye kivuli cha mtu huyu. Ndege huyo anakula, naye anageuka ukutani. Ukuta gani, ndugu yangu? Uko juu ya miti." Watu wakaanza kujipiga mapaja kwa kicheko. "Mnamwona? Ni mimi. Mnaliona shamba hilo bovu? Si langu. Mnaliona lile zuri, lenye mvumo usio na kichwa? Lile ndilo langu, na yule anayetembea ndani yake kama bwana harusi hajawahi kupanda punje moja mle."

Ilikuwa sherehe. Mshenga alikuwa anafuta machozi. Nikamtazama Ditriki, alikuwa akicheka naye, meno yote nje, na nikajua tumemaliza. Taa zilipowashwa akaja mbele polepole.

"Umenifurahisha," akamwambia Kasiani. "Sijacheka hivi tangu nizike kaka yangu."

"Basi, baba, tumeelewana?"

"Hapana. Sasa ndiyo sielewi kabisa. Mtu anayeweza kujifanya mvivu hadi nchi nzima ikaamini, atashindwa nini kujifanya hodari mbele yangu sebuleni? Na shamba zuri kila mtu anaweza kulionyesha kidole." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepiga picha. Yupi ni wa kweli?"

"Huyu aliyesimama, baba."

"Na yule wa sinema ulimpiga wewe wewe?"

"Ndiyo."

"Unaona shida yangu." Akachukua mkongojo wake. "Nitakuja mpunga ukitoa masuke. Siku naijua mimi. Mtu asitangulie kunisemea."

Tukashuka mlima hadi pantoni. Pale Kasiani akasema, "Nilifanya vizuri mno, eh?" Salehe akamjibu kwamba huo ndio ugonjwa wa wasanii.

Ikapita vuli, ikaja masika. Mto ukapanda ukalala juu ya mbuga, watu wakapanda mpunga nyuma ya maji. Kila tulipopita Ifakara nilimwona Kolumba kwenye gulio au akitoka misa, na kila mara aliuliza jambo lile lile kwa namna nyingine. Kama barabara ya Mahenge inapitika. Kama pantoni inafanya kazi. Msichana mpole, ana sauti ya baba yake. "Yule mzee," aliniambia mara moja, "akija akamkuta baba vibaya, kaka, basi tena." Nikamwambia baba yake hawezi kukutwa vibaya. Akatikisa kichwa. Alikuwa anamjua baba yake.

Miaka mingi baadaye, nilipochoka kubeba mitambo nikapelekwa chuoni kufundisha uandishi wa habari, wanafunzi waliniita Profesa. Cheti changu cha sekondari kilikuwa kinacheka sandukuni. Lakini darasa langu la kwanza, kila mwaka, lilikuwa hadithi hii, na niliikata papo hapo, kwenye swali la Ditriki: yupi ni wa kweli? Nikawaacha wabishane. Wengine walisema picha haidanganyi, wengine wakasema mtu ndiye haaminiki. Mmoja aliandika kurasa nyingi juu ya falsafa, nikampa alama kwa bidii. Aliyenipendeza ni binti mmoja wa Mahenge aliyesema, "Profesa, mimi ningepanda gari nikaone mwenyewe." Sikuwahi kuwamalizia. Hapa si darasani, kwa hiyo namaliza.

Nilikuwa pantoni siku hiyo, nimetumwa kuchukua mafuta ya jenereta. Jua limesimama utosini. Chombo kikagota, na wa kwanza kushuka alikuwa koti la Jumapili na mkongojo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vizuri. Wewe unalijua shamba la yule wa sinema. Nipeleke."

"Nipitie nyumbani kwanza niwaambie mgeni..."

"Nilisema mtu asitangulie. Wewe hutatangulia. Utatembea kando yangu."

Tukatembea. Tukapanda mtumbwi kwenye mkono wa mto, tukashuka, tukatembea tena kwenye njia nyembamba kati ya mipunga. Mimi nilikuwa naomba moyoni Kasiani awe anafanya lolote. Apande, ashuke, apige kelele, ale. Tukatokea kwenye uwazi, nikaona mvumo usio na kichwa, nikaona dungu, na juu ya dungu nikaona nyayo mbili.

Amelala. Chali, kofia usoni, tumbo linapanda na kushuka. Ilikuwa sinema ile ile, hata kofia ni ile ile.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu wa kifua kikuu.

"Una kifua?" Ditriki akauliza.

"Kidogo, baba."

"Kimekuanza tulipoona dungu." Akainua mkongojo kunizuia. "Anajua tuko hapa?"

"Hajui."

"Basi nyamaza."

Akamtazama kama mtu anavyotazama mizani. Kutoka upande wa mto likaja kundi la kwelea, likazunguka mara moja, likashuka pembe ya mbali ya shamba. Nikahesabu moyoni kwamba harusi imevunjika. Halafu mguu wa kulia wa Kasiani, kule juu, ukajikunja na kujinyoosha, mara moja, kwa nguvu, kama mguu wa punda anayefukuza nzi. Makopo yakalia shamba zima, pembe hadi pembe. Ndege wakainuka wote. Na kutoka chini ya kofia ukaja mkoromo ule ule, haukukatika hata kidogo.

Ditriki akazunguka ukingo wa shamba polepole, akashika suke hili na lile, akalibonyeza, akaenda hadi kwenye mvumo, akautazama mahali ulipokatikia. Alipokuwa huko ndege wakarudi. Mguu ukavuta. Wakaondoka. Akasimama akingoja tena, na nilimwona anangoja kama tunavyongoja sisi wa kamera. Walirudi, mguu ukavuta.

Akarudi, akaingia kwenye kivuli chini ya dungu, akakaa juu ya nyasi, akavua koti la Jumapili na kulikunja vizuri. Akavua na viatu. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Nimwamshe, baba?"

"Mwache mkwe alale," akasema, akiegemea mti wa dungu na kufumba macho. "Mguu wake uko zamu."